Sehemu ya Tano Bila Fridah

Jumatatu, 10 Agosti 2009. Kitale.

Stima imepotea saa mbili asubuhi. Mgao! Siku tatu kwa wiki sasa, mchana kutwa, ati mabwawa yamekauka. Wenzangu wanalilia friji zao. Mimi namlilia Beberu.

Niandike vizuri, ili siku nikiwa mtu mashuhuri wasomaji wangu wasipotee. Kobe na Beberu ni mchezo wa kompyuta. Kobe ni mpelelezi, ana koti la mvua na hana haraka. Beberu ni msaidizi wake, ana ndevu na tamaa. Anakula ushahidi. Hakuna bunduki, hakuna mbio za magari. Unabofya tu. Bofya ndoo, Kobe anaitia kwenye koti. Toa ndoo, mbofye nayo kiongozi wa kwaya, uone kitakachotokea. Ukikosea, Kobe anakwambia kwa Kiingereza cha pole pole kwamba jambo hilo haliwezekani, na hata lingewezekana asingelifanya. Hapo Fridah hucheka mpaka anashika mbavu. Kila mara. Tumeyasikia maneno hayo kama mara mia nne.

Fridah ni mke wangu. Ni nesi. Tangu Januari amepelekwa Kapsokwony, kule mlimani, na huja nyumbani wikendi moja, inayofuata haji. Watu wanaoonana siku nne kwa mwezi lazima wawe na jambo la kufanya pamoja zaidi ya kuzungumzia paa ambalo halijaisha. Jambo letu ni hili. Yeye anakaa kwenye kiti na kushika kipanya, kwa sababu mimi, ati, nabofya kama mtu anayeua mende. Mimi nakaa kwenye stuli. Kazi yangu ni kufikiri. Yeye anasema kazi yangu ni kukaa.

Mchezo unatoka kwa sehemu, moja kila mwezi au zaidi, tano kwa jumla. Shemeji yangu Wakoli, anayesoma Uingereza, anatutumia kila sehemu kwenye sidii. Lakini haitumi kwetu. Anaituma kwa mama yao, Mama Sellah, Bungoma. Sababu ni kwamba sehemu ya pili ilifika na mkwaruzo, nikaisugua kwa dawa ya meno kama watu wote wanavyoshauri. Dawa ya meno ikachelewa kufanya kazi. Nikaongeza stilwulu ya kusugulia sufuria.

Sehemu ya nne iliisha vibaya sana. Beberu amefungwa kamba ndani ya bucha. Mwenye bucha ananoa kisu. Kisha maandishi: itaendelea. Wiki tano sasa!

Leo Fridah amepiga simu. Sidii ya tano imefika kwa Mama. Ataipitia Ijumaa jioni, Jumamosi awe hapa nayo. Akanionya nisiiguse bila yeye. Nikacheka, nikamuuliza nitaigusaje nikiwa Kitale na yenyewe iko Bungoma. Akasema, "Wekoye, mimi nakujua." Nikaapa kwa paa la nyumba yetu. Ni nusu paa, lakini kiapo ni kiapo.

Jumanne, 11 Agosti.

Kigen! Tunafanya kazi naye kwenye stoo ya mbegu, meza moja, na tangu Aprili namnakilia mchezo kwa wema wangu. Najuta. Leo ametangaza kwamba binamu yake Kimutai wa Eldoret ana intaneti ya ofisi, amepata sehemu ya tano, ameimaliza, na Alhamisi jioni atampigia amsimulie yote mpaka mwisho.

Kigen hana kifua. Ndiye aliyempongeza meneja wetu kwa ujauzito wa mkewe kabla mkewe hajamwambia. Nikamsihi asiniambie chochote. Akasema, "Bana, sitakwambia. Utaona tu kwa uso."

Nimefikiri mchana wote badala ya kula. Kigen akijua Alhamisi jioni, Ijumaa asubuhi nami nitajua, nipende nisipende. Jumamosi nitakaa kwenye stuli kando ya mke wangu nikiwa na mwisho niliopewa na Kigen. Huko ni kumsaliti Fridah kupitia Kigen! Afadhali nimsaliti mwenyewe, mambo yabaki ndani ya familia.

Mpango umekuja wenyewe. Alhamisi Mama Sellah anakwenda Misikhu kwenye mkutano wa akina mama. Fridah ndiye aliyeniambia. Siku hiyo Kitale hakuna stima, Bungoma iko. Kompyuta, ambayo Wakoli alimnunulia mama yake, iko sebuleni. Ufunguo uko chini ya kopo la maua karibu na tangi la maji. Nitakwenda, nitacheza, nitairudisha sidii kwenye bahasha yake, nitarudi. Jumamosi nitashangaa pamoja na Fridah.

Nimefanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo. Nina mishangao mitatu. Wa kwanza ni wa macho tu. Wa pili una mdomo. Wa tatu mkono unapanda kichwani. Wa tatu ni mzuri mno, hata mimi mwenyewe nimeuamini.

Jumatano, 12 Agosti.

Ruhusa. Mchezo umenifundisha namna ya kuzungumza na watu. Kobe akikutana na mtu unapewa sentensi nne za kuchagua, na unaweza kuzijaribu zote. Hakuna dhara. Nikaenda kwa meneja, Bwana Gicheru, nikiwa na zangu nne.

Ya kwanza: nimechoka. Akajibu kwamba kila mtu amechoka. Ya pili: nina jino. Akasema hata yeye ana meno. Ya tatu: nikamkumbusha kwamba bila mimi stoo itasimama. Akasema acha isimame, tuone. Ya nne ilitoka yenyewe, naapa. Nikasema mama mkwe wangu ni mgonjwa.

Bwana Gicheru akaweka kalamu chini. Akavua miwani. Akauliza ni mgonjwa wa nini. Nikasema, sana. Hakuuliza tena. Akanipa Alhamisi, akanipa na Ijumaa juu yake. Saa kumi akaniita kwenye gari lake na kunikabidhi kuku hai, mnene, mwenye madoadoa, kutoka nyumbani kwake, ati Mama apikiwe supu. Kisha akaniombea pale pale kwenye maegesho, mkono wake begani mwangu, akimtajia Mungu mtumishi wake Wekoye anayewajali wakwe. Nikasema amina. Kuna kitu kiliniuma kidogo ndani. Nadhani ni njaa.

Sasa, jambo moja la hatari. Sisi Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawashikani mkono. Hawakai chumba kimoja. Hawali mbele ya macho ya mwenzake. Mkikutana njiani mmoja anaingia nyasini na kuangalia mahindi mpaka mwingine apite. Si chuki. Ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote. Nina miaka mitatu ya ndoa na Mama Sellah namjua kwa mgongo na kikohozi. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Sauti yake ingali inaweza kunyamazisha gwaride.

Kwa hiyo kuingia sebuleni kwake si mchezo. Lakini nimelipima jambo hili. Sebule isiyo na mama mkwe ni sebule tu.

Alhamisi, 13 Agosti. Bungoma, kisha Kitale.

Nitaandika kwa utaratibu.

Nilifika saa nne. Nikazima simu, nisisumbuliwe. Ufunguo upo. Nyumba kimya. Kuku nikaingia naye ndani, jirani asije akaniuliza ni wa nini. Bahasha ya Wakoli ilikuwa mezani kando ya Biblia, nayo ilikuwa imefunguliwa. Sikujiuliza nani aliifungua. Laiti ningejiuliza!

Kompyuta ikawaka. Muziki. Kobe akaanza kutembea kwenda kwenye bucha, na kutembea kwake kukachukua dakika nzima, na kila hatua akasema ngoja. Nikacheka sana. Halafu nikageuka kando kuona kama Fridah anacheka. Alikuwa ni kuku. Niliona kwamba kucheka peke yako kunakwisha upesi.

Saa sita nilikuwa nimekwama. Niko ndani ya bucha, nina kamba, kofia ya kanisani, filimbi, kopo la samli na masharubu ya bandia. Kamba kwa mwenye bucha. Haliwezekani. Kofia kwa mwenye bucha. Haliwezekani. Samli nilimpaka kila mtu, hata Kobe mwenyewe. Haliwezekani, na hata lingewezekana asingelifanya. Kisu kikaendelea kunolewa.

Saa saba nikasikia lango. Kisha kikohozi. Nakijua kikohozi hicho!

Mkutano wa Misikhu ulikuwa umeahirishwa. Kabla sijasimama Mama Sellah alikuwa tayari barazani. Mlango wa nyuma umefungwa, ufunguo anao yeye. Madirisha yana vyuma. Mlango wa mbele ni mmoja, na mbele yake yuko mama mkwe. Nilichanganyikiwa. Nikapiga hodi. Nikiwa ndani!

Nyayo zikasimama. Halafu nikasikia viatu vikigeuka taratibu juu ya saruji. Alikuwa ameupa mlango mgongo, kama inavyostahili. Nami nikaupa mlango mgongo. Tukawa hivyo, mgongo kwa mgongo, katikati mlango ulio wazi shibiri moja.

Akaiuliza hewa ni nani aliye nyumbani mwake. Nikajibu ni Wekoye. Akaiuliza hewa Wekoye anataka nini. Nikarudisha mkono nyuma na kumpitisha kuku mlangoni. Kuku akapiga mayowe. Nikasikia Mama akimpokea, akimpima uzito kwa mikono. Tangu hapo maongezi yote yalipitia kwa kuku.

"Kuku," akasema, "hebu muulize huyo mtu kama nyumba yake ya Kitale imeungua."

Nikamwambia kuku haijaungua.

Mama mkwe mwingine yeyote angeondoka aende jikoni, nipate njia ya kutoroka na heshima zetu zibaki nzima. Mama Sellah hakuondoka. Alivuta kiti, akakaa barazani, bado ameupa mlango mgongo, akaanza kuchambua maharagwe. Mimi kutoka siwezi, baraza ni jembamba, ningemgusa. Yeye kuingia hawezi, mimi nimo. Nikaelewa kwamba nimepewa adhabu ya kusimama. Nusu saa nzima! Maharagwe yakidondoka kwenye sufuria, tingi, tingi, na nyuma yangu ule muziki wa bucha ukijirudia.

Kisha akasema, "Kuku, si umuulize huyo mtu, ni nini, bado yuko kwa bucha?"

Nikamwambia kuku ndiyo, bado. Akataka kuku aulize tangu saa ngapi. Tangu saa sita. Mama akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyesahihisha madaftari ya darasa la nne miaka thelathini na moja. Akamwambia kuku kwamba yeye mwenyewe alikwama pale Jumapili, lakini si kwa muda mrefu hivyo.

Amemaliza! Mama Sellah, mzee wa kanisa, amemwokoa Beberu kabla yetu sote, na hata hakumwambia mtu. Nikasahau hofu. Nikamuuliza, samahani, nikamuuliza kuku, afanyeje mtu aliyejaribu kila kitu.

"Kuku, mwambie aache kuhangaika na mwenye bucha. Aangalie ukuta."

Nikaangalia. Kwenye skrini, ukutani mwa bucha, kulikuwa na karatasi ndani ya fremu. Leseni ya bucha! Sehemu nne nzima kazi yetu ilikuwa kumzuia Beberu asile karatasi. Nikaibofya leseni, nikampa Beberu. Akaila yote, muhuri na sahihi, akacheua. Papo hapo mkaguzi akaingia, akadai leseni, bucha ikafungwa, Beberu akatoka nje na kamba yake shingoni kama amevaa tai. Nikapiga kelele ya furaha. Nje nikasikia makofi. Mawili tu, ya heshima.

Tukaendelea hivyo karibu saa nzima. Mimi macho kwenye skrini, yeye mgongo mlangoni, kuku katikati. Nikikwama alikuwa anajua kabla sijauliza, na alikuwa ananiacha nikwame kwanza. Beberu alipompigia saluti mbuzi wa kwenye bango, Mama akacheka. Anacheka kwa pua, vile vile kama Fridah! Miaka mitatu sikujua. Niseme ukweli wangu hapa, maana hakuna anayesoma: nilikuwa na furaha. Nilimpenda yule mama.

Kisha Kobe akafika kwenye mlango mweupe. Nyuma ya mlango huo kuna mtu aliyepanga maovu yote tangu sehemu ya kwanza. Maharagwe yakanyamaza. Mama akamwambia kuku kwamba hapo yeye hatasema neno, na huyo mtu afikirie vizuri anachotaka kufanya.

Mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya. Nikamfikiria Fridah, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nilimfikiria vizuri, jinsi anavyosogeza kiti mbele mambo yakikolea. Halafu nikaufikiria uso wa Kigen. Kidole kikashuka kidogo.

Pikipiki ikaingia langoni kwa kasi. Na sauti. "Mama! Mama! Woi, Mama!" Sikuitambua mara moja. Sijawahi kuisikia sauti hiyo kwa Fridah.

Nilikuja kuelewa baadaye. Bwana Gicheru, kwa wema wake, alitafuta namba ya Fridah kwenye fomu yangu ya kazi, akampigia asubuhi kumpa pole ya mama yake aliye mahututi. Neno la mahututi ni la Gicheru, mimi sikulisema. Fridah akampigia Mama, simu imezimwa, maana Mama huzima akienda mkutanoni, naye alisahau kuiwasha. Akanipigia mimi. Imezimwa. Akamwachia mwenzake Cherono foleni ya wagonjwa, akapanda bodaboda, akashuka mlima wote na mvua yake mpaka Bungoma, akilia, akijua atakuta watu wamekwishapanga mabenchi uani.

Akamkuta Mama na sufuria ya maharagwe, kuku mapajani.

Akamkumbatia. Wakakaa hivyo muda mrefu. Sare yake ilikuwa na matope mpaka magotini. Halafu akautazama mlango, na Mama akainuka bila neno akaenda jikoni, ili nitoke.

Nilijitayarisha kwa kelele. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama nimeona mwisho. Nikasema hapana. Ulikuwa ukweli, wa kwanza tangu Jumanne. Akachungulia sebuleni, akauona mlango mweupe kwenye skrini. Akaingia. Akafunga mlango. Akaweka komeo.

Nikasikia bofyo moja. Kisha muziki ambao sijawahi kuusikia. Kisha Fridah akacheka. Kisha akavuta kamasi, kisha akacheka tena, lakini kidogo. Dakika kumi na moja. Mimi barazani na kuku.

Alipotoka, sidii ilikuwa kwenye mkoba wake. Akamwambia mwenye pikipiki warudi Kapsokwony, wagonjwa wanangoja. Kwangu alisema jambo moja tu. Alisema kwamba njia nzima alikuwa anachagua nguo ya kumzika mama yake. Kisha akapanda akaenda.

Kati ya ile mishangao yangu mitatu hakukuwa na uso hata mmoja wa kuvaa hapo. Nimerudi Kitale. Sina hamu ya kula.

Ijumaa, 14 Agosti.

Ruhusa yangu ya siku ya pili. Niko nyumbani, nimekaa kwenye stuli. Kiti sikukikalia.

Kigen amepiga simu saa tatu. Nikamwambia asiseme. Akasema hasemi, anataka tu kunipa pole, ati Kobe anakufa. Nikakata. Kobe anakufa?

Nimemtumia Fridah jumbe saba za kuomba msamaha. Zote ndefu, zote za kweli. Hakujibu. Wa nane nikauliza kama Kobe anakufa. Huo akajibu: "Wewe Wekoye." Basi.

Nikafikiria Mama. Simu si chumba, na sijasikia mila yoyote iliyokataza simu. Nikampigia. Alipokea bila kuku. Nikaomba msamaha kwa kuingia nyumbani mwake. Akasema msamaha huo niupeleke Kapsokwony, yeye hana deni nami, na kwamba kuku ametaga. Nikauliza kwa adabu sana kuhusu mlango mweupe. Akanijibu kwamba miaka thelathini na moja hakuwahi kumpa mtu mtihani kabla ya siku ya mtihani.

Sijui kama Fridah atakuja kesho. Ndiyo wiki yake ya kuja. Nimefua mapazia.

Jumamosi, 15 Agosti.

Saa nne, hajaja. Nimepika. Saa sita, hajaja. Nimekwenda mpaka barabarani na kurudi. Saa nane nikaanza kufikiri atakuwa ameamua kubaki mlimani, wiki hii na nyingine, na kwamba mimi nitabaki hapa na kompyuta nikibofya ndoo. Niliogopa kweli. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Saa tisa na nusu, hodi. Fridah!

Aliweka mkoba, akaoga, akala, wali wangu umeungua chini naye akala. Halafu akatoa amri moja: Jumatatu nimwendee Bwana Gicheru nimwambie ukweli wote. Nikaanza kuapa kwa paa. Akasema paa niliache, nilimalize kwanza.

Kisha akatoa sidii kwenye mkoba. Akavuta kiti, akakaa kwenye stuli!

Akaniambia nishike kipanya mimi. Tuanze mwanzo. Kuhusu leseni, nijifanye sijui. Nilijifanya sijui vizuri hata nikasahau, na ile samli nikaipaka tena, naye akacheka. Hapo ndipo nilipoanza kupumua. Hakunipa msaada wowote. Alikaa tu, kazi yangu ya siku zote.

Jua lilikuwa linatua tulipofika kwenye mlango mweupe. Nikabofya.

Sitauandika mwisho hapa, Kigen ana mikono mirefu. Kobe hafi. Hayo ni ya Kimutai wa Eldoret, mwongo mkubwa, na sasa naamini hata intaneti hana. Lakini aliyekuwa nyuma ya mlango! Mkono ulipanda kichwani wenyewe. Fridah akaniambia niutoe mkono, niache kuigiza. Sikuwa naigiza! Nikageuka kumweleza, na nikaona kwamba haangalii skrini kabisa. Ananiangalia mimi. Sijui tangu lini.

Nikamuuliza kulikoni. Akasema mwisho ameshauona. Amekuja kuniona mimi nikiuona. Akasema juzi, kule kwa Mama, mambo yalipokolea aligeuka kando kuniangalia, na hapakuwa na mtu, akakasirika upya.

Nikamwambia kwamba mimi niligeuka nikamwona kuku. Akacheka kwa pua.

Jumapili, 16 Agosti.

Kanisa. Baada ya ibada nimemsindikiza Fridah stendi. Nimebeba mkoba wake mbele ya watu wote. Amenikumbusha Gicheru mara tatu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mimi ni mtu mwingine sasa.

Jumatatu, 17 Agosti.

Nimekwenda kwa Bwana Gicheru saa mbili kamili kusema ukweli wote. Sentensi nilikuwa nayo tayari, moja tu, fupi.

Akasimama kabla sijakaa. Akauliza hali ya Mama. Nikaanza, "Bwana Meneja, kuhusu Mama," na nikaona ameshavua miwani, macho yamelowa. Mtu wa watu! Nikaona si vizuri kumpa mshtuko. Nikasema amepona. Si uongo. Nani atasema Mama Sellah si mzima?

Bwana Gicheru akapiga haleluya iliyosikika mpaka stoo. Akawaita wafanyakazi wote. Jumamosi hii tunakwenda Bungoma na lori la stoo, watu ishirini na tisa, kwa maombi ya shukrani. Kigen ataongoza nyimbo. Na Mama atatoa ushuhuda, atueleze kwa kinywa chake jinsi alivyotolewa mautini.

Nikaenda nyuma ya stoo, nikampigia Mama, nikamweleza yote. Akasema yeye ni mzee wa kanisa mwaka wa kumi na tisa, na hawezi kusimama mbele ya watu wa Mungu akasema uongo. Nikasema naelewa. Akasema ni dhambi kubwa. Nikakubali kwamba ni kubwa.

Kisha akauliza nilimwambia bosi anaumwa wapi hasa.

Nikasema sikutaja mahali. Akasema vizuri. Maana mwaka wa 2003 aliumwa tumbo vibaya sana, siku nne, akapona kwa maombi, na kusema kweli hakuwahi kulitolea shukrani hadharani. Hilo anaweza kulisimulia bila tone la uongo. Mwaka hatautaja.

Mama gani huyu! Tumepanga kila kitu. Yeye atakaa sebuleni na wageni, mimi nitasimama uani na madereva, kwa heshima. Bwana Gicheru alitaka kumpigia Fridah simu ya kumwalika. Nimemwambia mtandao wa Kapsokwony ni mbaya mno wiki hii, nitampigia mwenyewe. Fridah yuko zamu Jumamosi. Nimeupitia mpango huu mara mbili kutoka mwanzo mpaka mwisho, na hauna shimo hata moja.